Tatizo la Kufundisha "Used to": Niliyoyaona Ulyankulu

Katika vyuo vyetu mwalimu mwanafunzi hufundishwa mapema namna ya kusahihisha. Huambiwa alisome zoezi lote kwanza kabla ya kushika kalamu, atumie alama ambazo watoto wanazifahamu, wala asiujaze ukurasa wino mwekundu hata mtoto akakata tamaa. Nami nilifundishwa hayo yote, na katika somo hilo nilipata alama nzuri. Hata hivyo kosa kubwa kuliko yote niliyopata kuyafanya katika kazi ya ualimu nililifanya kwa kalamu nyekundu, juu ya maneno mawili ya Kiingereza, katika kipindi ambacho kwa vipimo vya chuo kilikuwa kimekwenda vizuri kabisa. Nalieleza hapa kwa sababu baadaye, nilipokuwa mkufunzi na kuzunguka mashuleni kuwatazama wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, niliwaona wengi wakilirudia bila kujua.

Maneno yenyewe ni "used to". Wataalamu wa sarufi ya Kiingereza hawakubaliani wayaweke wapi. Si kitenzi kamili, kwa maana hayana wakati uliopo wala ujao; wala si kitenzi kisaidizi kamili kama "can" na "must", kwa maana hufuatwa na "to" na aghalabu huhitaji "did" katika swali. Yamo katika kundi dogo la watukutu pamoja na "need", "dare" na "ought to". Hao wenzake waweza kungoja. Mtoto anaweza kumaliza shule bila kulijua "dare" na asipungukiwe na kitu. Lakini bila "used to" hawezi kuyasimulia maisha yake mwenyewe, na hasa mtoto wa mahali kama Ulyankulu.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Utotoni tulisikia kwa wazee habari za Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani, baada ya safari ya miezi, wakatua mizigo na kupumzika katika mji wetu kabla ya kurudi bara. Sikudhani hata mara moja kwamba nami ningeipanda njia ile kwenda kinyume chake. Mwaka 1977, wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, walimu walihitajika kila pembe ya nchi, nikapangwa Mkoa wa Tabora, kisha nikapelekwa Ulyankulu, kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, katika nchi ya miombo, asali na mbung'o ambayo katika karne ya 19 ilikuwa sehemu ya himaya ya Mtemi Mirambo.

Ulyankulu niliyoikuta ilikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1972, mwaka ule ule wa mauaji yaliyowafukuza kwao. Palikuwa na vijiji vilivyopimwa kwa mistari iliyonyoka, mashamba ya mahindi, mihogo na tumbaku, visima visivyotosha, na shule zilizofuata mtaala wa Tanzania kwa lugha ya Kiswahili. Watoto walikuwa wameshika Kiswahili upesi ajabu. Lakini Kiswahili chao hakikuwa cha Bagamoyo. Walisema "alikuwaga", "tulikwendaga", "anakujaga". Masikioni mwangu hiyo -ga ilikuwa kama mchanga katika wali. Nikajipa kazi ya kuing'oa. Kila aliyeitamka nilimwambia arudie: si "alikujaga", sema "alikuwa akija", si "anakujaga", sema "huja". Naomba msomaji aikumbuke -ga hiyo, maana nitairudia.

Katika Kiingereza nilikuwa nimejiandaa kwa kosa jingine, ambalo kila mwalimu wa Afrika Mashariki analifahamu. Mtoto huandika: "I used to wake up at six o'clock every day." Ukimwuliza ana maana gani, atakuambia: huamka saa kumi na mbili kila siku, hata leo asubuhi ameamka hivyo. Sababu yake si ngumu kuiona. Kiswahili kina kiambishi hu-, ambacho kazi yake ni kuonyesha desturi. Hu- haina nafsi: mimi huja, wewe huja, wao huja. Tena yenyewe haielezi wakati. Ikiwa peke yake twaichukulia kuwa ya siku hizi, na tukitaka kuipeleka zamani husema "alikuwa huja". Mtoto aliyeambiwa kwamba "used to" ni maneno ya desturi huyachukua mara moja na kuyaweka mahali pa hu-. Kamusi nazo humzidishia taabu, kwa sababu hutafsiri "used to" kuwa "kuzoea", naye huona "I used to", "I am used to" na "I usually" kuwa ndugu wa tumbo moja.

Basi chuoni tulifunzwa dawa. Ukiona "used to" katika insha ya mtoto anayesimulia maisha ya nyumbani, ujue ni desturi ya wakati uliopo. Futa, andika kitenzi cha kawaida. Dawa ile ilikuwa ikifaa mara tisa katika kumi.

Mwaka 1978 nilikuwa na darasa la sita, watoto zaidi ya hamsini, wengine wakubwa kwa umri kwa sababu miaka ya kukimbia iliwapotezea masomo. Niliwapa insha fupi ya sentensi kumi: "My Family". Nikachukua madaftari nyumbani nikasahihisha kwa taa ya kibatari. Kosa la "used to" lilijaa tele, nami nikalikata kama mtu apaliliaye shamba: "My mother used to cook" ikawa "My mother cooks", "My sister used to fetch water" ikawa "My sister fetches water". Nikafika kwenye daftari la kijana mmoja, safi, mwandiko wake umelala upande mmoja kama wa mtu mzima. Alikuwa ameandika: "My father used to come home on Saturday. He used to bring us bread. He used to sit outside and read for us." Nikayakata yote matatu. Nikaandika juu yake: "comes", "brings", "sits". Nikageuza ukurasa.

Asubuhi yake nilitaka darasa lipate mfano wa insha iliyokwisha sahihishwa. Kwa kuwa mwandiko wa kijana yule ulisomeka vizuri, nikamsimamisha mbele asome, lakini asome kama nilivyosahihisha. Akasoma. "My father comes home on Saturday. He brings us bread. He sits outside and reads for us." Sauti yake haikutetereka. Darasa lilinyamaza kimya ambacho sikupata kukisikia kabla ya hapo. Nikadhani wanasikiliza. Nikawaambia wampigie makofi, nao wakapiga, makofi machache. Katika kitabu changu cha maandalio ya masomo, mahali pa maoni, niliandika: somo limeeleweka.

Shuleni pale tulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa naye ni mkimbizi. Alikuwa mtu mzima, amesomea na kufundisha kwa Kifaransa huko kwao kabla ya mwaka 1972, akijifunza Kiswahili cha kufundishia pamoja na wanafunzi wake. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliniita kijana. Saa ya mapumziko alinikuta chini ya mwembe, akaketi kwenye benchi, akakaa kidogo bila kusema.

"Kijana," akasema, "leo umemrudisha baba wa mtoto yule."

Nikamwambia simwelewi.

"Baba yake alikuwa mwalimu kama sisi. Shule yake ilikuwa mbali, akirudi nyumbani Jumamosi. Mwaka 1972 aliitwa pamoja na wenzake, wakaandikwa majina, wakapandishwa gari. Hakuna aliyerudi. Watoto wa darasa lako wote wanajua, kwa maana wengi wao baba zao ni hivyo hivyo."

Katika miezi ile ya mwaka 1972 waliouawa Burundi wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki moja, na waliotafutwa kwanza ni watu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Mimi nilikuwa nimesoma habari hizo katika magazeti. Nilijua kwamba ninafundisha wakimbizi. Lakini nilipokuwa na kalamu mkononi nilijua tu kwamba ninafundisha watu wanaokosea "used to".

Baada ya masomo nilimwita kijana nje ya ofisi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakanipotea. Nikamwuliza tu kwa nini hakuniambia. Akajibu kwa adabu kabisa, mikono nyuma: "Nilidhani Kiingereza ndivyo kinavyotaka, Mwalimu." Kisha, nilipokuwa bado natafuta la kusema, akauliza: "Katika mtihani niandike ipi?"

Nikamwambia aandike ile aliyoiandika kwanza, kwamba yake ilikuwa sahihi na yangu ndiyo iliyokuwa kosa. Akaomba rula. Akaweka daftari juu ya goti, akapiga mstari juu ya "comes", juu ya "brings", juu ya "sits", na juu ya kila neno akarudisha "used to" kwa penseli. Akanishukuru akaenda zake. Swali lake la mtihani halikuwa la upuuzi. Nafasi za sekondari kwa mtoto wa makazi yale zilikuwa chache mno, na alama moja ilikuwa alama.

Tangu siku ile nimeyafikiri maneno hayo mawili kuliko maneno mengine yoyote ya Kiingereza. Jambo la kwanza nililolitambua ni kwamba sentensi ya kijana na sentensi za wenzake zilikuwa na umbo lile lile moja. "My mother used to cook" ya jirani yake ilikuwa kosa, kwa sababu mama yake jioni ile angepika. "My father used to come home" ilikuwa sahihi. Hapakuwa na herufi hata moja katika karatasi ambayo ingeniwezesha kuzitofautisha. Kosa la "he go" laonekana katika sentensi yenyewe. Mkaguzi aweza kulikata hata akiwa Dar es Salaam. Lakini usahihi wa "used to" uko nje ya daftari, nyumbani kwa mtoto, na asiyemwuliza mtoto hawezi kuujua.

Pia nilikuja kujua kwamba kosa la watoto wetu si upumbavu. Zamani Waingereza wenyewe walilitumia neno hili kwa wakati uliopo. Hata katika karne ya 17 mtu aliweza kuandika "I use to go" akimaanisha kwamba huenda, na asicheke mtu. Baadaye umbo hilo likafa, likabaki lile la wakati uliopita peke yake. Mtoto wa Ulyankulu aliyeandika "I use to wake up at six" alikuwa amechelewa karne tatu tu. Napenda kuwaambia wanachuo jambo hili, kwa sababu linawapunguzia dharau.

Sasa nirudi kwenye -ga. Mwalimu mzee yule ndiye aliyenifumbua macho. Siku chache baadaye nilimwuliza kwa nini kijana yule, kati ya watoto hamsini, aliyapatia maneno haya. Akaniambia pengine amefikiri kwa Kirundi. Akaandika kwa chaki juu ya benchi: "yazaga". Akaeleza: hapa mwanzoni pana wakati uliopita, na hapa mwishoni pana -aga, yaani jambo lililokuwa likirudiwa-rudiwa. Alikuwa akija, tena na tena, zamani. Akasema Kifaransa nacho kina umbo la namna hiyo, ndiyo maana yeye hakupata taabu kulielewa.

Nilishikwa na haya. Kiambishi hiki cha -ag- kimo katika lugha nyingi za Kibantu, nacho kinaonyesha hasa mambo ya mazoea na yanayoendelea. Kiswahili sanifu hakikukihifadhi, lakini watu wa bara wanapozungumza Kiswahili hukirudisha mahali pake, kwa kuwa wanaona pengo. "Alikujaga" ya watoto wangu ilikuwa daraja tayari la kuwavusha hadi "used to come", nami kwa mwaka mzima nilikuwa nikilivunja kwa jina la Kiswahili fasaha. Sisemi kwamba "alikujaga" iandikwe katika insha ya Kiswahili. Hata leo singeipitisha. Nasema kwamba mwalimu wa Kiingereza anayeisikia asiizime kabla hajaitumia. Niliandika ubaoni mistari miwili. Wa kwanza: yazaga, alikujaga, alikuwa akija, "he used to come". Wa pili: anakujaga, huja, "he comes". Nikawaambia watazame kwamba -ga imo katika mistari yote miwili, kwa hiyo si yenyewe inayotupeleka kwenye "used to". Kinachotupeleka ni ile li- ya zamani ikiungana nayo. Dakika ishirini zilifanya kazi ambayo wiki sita za mazoezi ya kujaza mapengo hazikuifanya.

Mkaguzi mmoja aliyepita wiki ile aliandika katika taarifa yake kwamba lugha ya Kirundi haifai kuonekana ubaoni. Alikuwa na hoja. Nchi ilikuwa ikijengwa kwa lugha moja, na watoto wale walikuwa wakihitaji Kiswahili kuliko wengine. Nikafuta. Kesho yake nikaandika tena.

Lakini lilibaki tatizo ambalo sarufi peke yake haikulitatua. Ili mtoto alielewe neno hili, sharti mwalimu amwulize: je, hadi leo? Maana "used to" humfanya msikilizaji adhani kwamba jambo lenyewe limekwisha. Si lazima liwe limekwisha. Twaweza kusema mtu fulani "used to smoke, and he still does". Lakini usipoongeza maneno hayo, kila mtu ataelewa kwamba ameacha. Sasa, katika darasa la watoto waliopoteza nyumba, ng'ombe, shule na wazazi, swali la "hadi leo?" si zoezi la sarufi. Kila mfano wa nyumbani ulikuwa na mtu nyuma yake. Nikaamua kuiacha kabisa mada ya familia mpaka maneno yenyewe yakomae vinywani mwao, nikatafuta mambo ya zamani yasiyo ya mtu yeyote kati yetu.

Hapo ndipo njia ya misafara iliponiokoa. Ilikuwa chini ya miguu yetu. Nikawasimulia jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakitoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, na jinsi watemi walivyokuwa wakitoza hongo ili misafara ipite. "Caravans used to pass through Tabora." "The traders used to pay hongo." Je, hadi leo? Hapana, darasa lote lilijibu kwa furaha, leo pana reli. Na reli ilifika Tabora mwaka 1912. Je, twaweza kusema "The railway used to reach Tabora in 1912"? Wakanyamaza. Kijana mmoja akasema: haiwezekani, Mwalimu, ilifika mara moja tu. Ni hivyo hasa. Jambo la mara moja halikubali "used to".

Mirambo naye alitufaa. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, hata Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone akalazimika kuzungukia kusini. "Mirambo closed the road in 1871", si "used to close". Lakini "Mirambo's men used to fight with spears and guns" ni sawa. Na Livingstone mwenyewe alitupa mfano mzuri kuliko yote. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Februari hadi Agosti, akingoja wapagazi. Watoto waliandika: "Livingstone used to live at Kwihara for six months." Inaonekana nzuri, kumbe ni kosa, kwa sababu ukikwisha kutaja urefu wa muda, Kiingereza hutaka "lived" au "stayed" tu. "Used to" hupenda zamani isiyopimwa. Kadhalika na hesabu: "I went there four times" bila "used to", lakini "I used to go there four times a year" ni sahihi, kwa kuwa hapo idadi ni sehemu ya desturi. Jambo hili la muda na hesabu halimo katika vitabu vingi vya shule, na naona ni hasara.

Juu ya matamshi nitasema machache, ingawa yanaleta makosa mengi ya tahajia. "Used" ya kutumia kitu ina sauti ya z. "Used" ya desturi ina sauti ya s, na d yake humezwa na t inayofuata. Ndiyo maana mtoto huandika "I use to": ameandika alichosikia. Nilikuwa nawapa sentensi moja, "This is the knife my father used to cut meat", na kuwaeleza kwamba hapa ni kisu alichokatia nyama, sauti ya z, wala si desturi. Katika swali na kukanusha, fundisheni "Did he use to come?" na "He did not use to come". Mtakutana na "used not to" katika vitabu vya zamani. Si kosa, lakini si la kumtwisha mtoto wa shule ya msingi. Na "I am used to coming" ni somo jingine la siku nyingine. Wanachuo wanaoyafundisha yote kwa pamoja siku moja, eti kwa kuwa yanafanana, huwachanganya watoto kwa bidii kubwa.

Mwaka 1978 yalifunguliwa makazi mapya ya Mishamo, katika Mkoa wa Rukwa wa wakati ule, kwa sababu maji na ardhi ya Ulyankulu havikuweza kuwatosha watu waliokuwapo. Katika miaka michache iliyofuata maelfu walihamishiwa huko. Malori yalikuja, na darasa langu likapungua wiki hadi wiki. Asubuhi moja, kabla sijafungua kitabu, msichana wa dawati la pili aliweka mkono juu ya nafasi iliyokuwa tupu kando yake akasema kwa Kiingereza, bila mtu kumwuliza: "She used to sit here." Sikusahihisha chochote. Kijana wa penseli naye aliondoka na mama yake katika moja ya malori hayo.

Kuanzia hapo niliacha kabisa kulikata "used to" katika daftari. Niliweka nukta ndogo pembeni, na mwenye daftari akaja mezani, nami nikamwuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili: je, hadi leo? Inachukua muda. Kwa watoto hamsini inachukua juma zima. Wanachuo wengi waliniambia haiwezekani katika madarasa ya leo, nami sikuwa na jibu la kuwaridhisha, isipokuwa kwamba mimi nilipookoa muda ule nilimsomesha mtoto mbele ya wenzake maneno ambayo sikupaswa kumsomesha.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, niliandikiwa na mwalimu mmoja kijana aliyepitia mikononi mwangu chuoni, naye akapangwa Ulyankulu. Mtoto wa darasa la tano, mjukuu wa wale waliokuja mwaka 1972, alikuwa ameandika: "My grandmother used to be a refugee." Mwalimu aliweka nukta, akamwita mezani, akauliza kama nilivyomfundisha. Mtoto hakujua la kujibu, na mwalimu naye hakujua. Mwaka 2007 wazee wale walikuwa wamepewa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wamekubaliwa kuwa raia. Lakini vyeti havikuwa vimetolewa, na ilikuwa imesemwa kwamba sharti kwanza wayahame makazi na kutawanyika mikoani. Bibi alikuwa si mkimbizi kwa tangazo, na si raia kwa karatasi. "Nisahihishe au niache?" aliniuliza mwalimu.

Nikamjibu kwamba ampe mtoto ruhusa akamwulize bibi yake mwenyewe. Barua ya pili ilikuja baada ya mwezi. Mtoto alikuwa amerudi na jibu: bibi anasema sentensi ibaki, lakini iandikwe kwa penseli. Mwalimu akaiacha bila alama, akaandika tarehe pembeni. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Mtoto yule alikuwa amekwisha fanya mtihani wake wa darasa la saba mwezi mmoja kabla.